Mtutu Umelika: Nani Ameula?

Katika mwaka wa kwanza wa kitivo hiki kila mmoja wetu alifundishwa kutofautisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Mfano wa ubaoni ni uleule kila mwaka: kikombe kimevunjwa, kikombe kimevunjika. Katika sentensi ya kwanza yuko mtu aliyevunja, hata kama hatajwi. Katika sentensi ya pili kikombe kimepatwa na jambo, na hakuna anayeulizwa. Tunaandika daftarini, tunajibu mtihani, tunaendelea na mambo mengine. Mimi nimelazimika kuurudia ukurasa huo kwa sababu ya memwari yangu, inayohusu msamiati wa uwindaji katika Kiswahili cha Haut-Katanga, na hasa kwa sababu ya kitenzi kimoja kifupi ambacho wawindaji hukitumia wanapoeleza hali ya bunduki zao: kulika.

"Mtutu umelika," husema mwindaji. Anaweza kumaanisha kwamba ndani ya mtutu mna vishimo, au kwamba chembe za risasi zinatawanyika kabla ya kumfikia mnyama, au kwamba risasi iliyokuwa ikipiga pale alipolenga sasa inapiga popote inapotaka. Kitenzi chenyewe hakina fumbo. Mzizi ni ule wa kula, umeongezewa kiambishi cha kutendeka. Sabuni hulika, kisu hulika kwa kunolewa, soli ya kiatu hulika kwa safari. Vitu hivi vyote hupungua kidogo kidogo bila mtu kuona siku ambayo vilianza kupungua. Kwa mwanaisimu huo ni mfano mzuri wa kuweka kwenye fishi yake. Kwa fundi wa bunduki ni jibu lisilotosha.

Fundi ninayemzungumzia ni mzee wa Likasi. Ujanani alitunza bunduki katika uwanja wa kupigia shabaha, baadaye akawa fundi wa wawindaji wenye vibali. Hakusoma mofolojia, lakini mtu akimletea bunduki na kusema kwamba kanoni imelika (kanoni ndilo jina la mtutu kinywani mwake, kutoka Kifaransa), yeye humuuliza swali moja: "Nani alikula?" Mteja hucheka kwanza, akidhani ni mzaha. Mzee hacheki. Huifungua bunduki, hutoa mtutu, huuelekeza kwenye mwanga wa mlango, huchungulia ndani, halafu hurudia swali lake.

Nilipomwomba anieleze, alinijibu kwa Kiswahili chetu cha mjini: "Mutoto, muntu anazeeka ye mwenyewe. Bunduki, banaizeesha." Tazameni viambishi. Mtu huzeeka, na kitenzi kinatosheka na yeye peke yake. Bunduki haipewi nafasi hiyo. Ni lazima awepo anayeizeesha. Tazameni pia kwamba mzee hakutumia kauli ya kutendwa, ambayo haisikiki sana katika usemi wa Lubumbashi na Likasi. Alitumia kiambishi ba-, yaani "wao", watu wasiotajwa jina lakini walio mahali fulani. Sarufi ya vitabu ingeandika "huzeeshwa". Sarufi ya mtaani imeuliza swali lilelile kwa njia yake.

Kwa mafundisho yake, walaji wa mtutu ni watatu, na kila mmoja huacha alama zake. Wa kwanza ni moto. Baruti inapowaka katika bunduki kubwa ya kuwindia, joto la gesi yake hupita nyuzi 2 500 za Selsiasi, ilhali chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzi 1 500. Mtutu hauyeyuki kwa sababu moto huo hudumu kwa sehemu chache tu za elfu ya sekunde. Hata hivyo kila mlio huikaanga ngozi nyembamba ya chuma upande wa ndani. Ngozi hiyo hukakamaa, hupasuka nyufa ndogo ndogo kama tope la ziwa wakati wa kiangazi, na risasi zinazofuata huondoka na vipande vyake. Ulaji huu huanzia kooni, mbele kidogo ya chumba cha kartushi, mahali ambapo mistari ya ndani huanza. Mistari hiyo, inayopinda kuuzunguka ukuta wa mtutu, ndiyo huifanya risasi iende ikijizungusha na kushika njia moja. Koo likiliwa, risasi huruka umbali mdogo kabla ya kukamatwa na mistari, hufika pale ikiwa imepinda kidogo, na shabaha hupotea.

Hapa ndipo uchaguzi wa kartushi unapoingia. Mzee huiheshimu sana ile iitwayo 9,3×62, iliyobuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905. Huchoma karibu gramu 4 za baruti nyuma ya risasi nzito, katika tundu la upana wa milimita 9,3. Kartushi iitwayo .300 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1963, huchoma kati ya gramu 4,5 na 5 katika tundu la milimita 7,6 hivi. Risasi ya pili huruka mbali zaidi na njia yake imenyooka zaidi. Anayepiga shabaha ya mbali huipenda kwa sababu hiyo. Lakini moto mwingi zaidi umelazimishwa kupita katika mlango mwembamba zaidi, na koo halidumu. "Ni sawa watu wa harusi," alisema mzee, "wanatoka mu mulango ya chumba." Tena mpiga shabaha hupiga risasi kumi au ishirini mfululizo, mtutu ukiwa bado haushikiki kwa mkono, wakati mwindaji hupiga moja, husubiri, hufuata damu. Ndiyo maana moto ni mlaji wa watu wa shabaha. Wawindaji wa vijijini kwetu hauwafikii sana, na sababu yake inastahili kuelezwa, maana inatokana na historia zaidi kuliko ufundi.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliohusu biashara ya watumwa na, ndani yake, bunduki. Katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, yaani Kongo nzima na majirani zake, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa, zikiwamo zote zenye mistari ndani ya mtutu. Kilichoachwa mikononi mwa wafanyabiashara na wenyeji ni bunduki za gumegume zisizo na mistari, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Bunduki zenye mistari, kama ile Albini ya Force Publique, zilikuwa za dola. Mkataba ule ulikoma zamani, lakini ukipita leo vijijini kuelekea Mitwaba au Pweto, bunduki ya mwindaji mwenye kibali ni kalibri 12, laini ndani kama chupa, na ya asiye na kibali imetengenezwa kwa tiyo ya maji au bomba la usukani wa gari, laini vilevile. Ndiyo maana nilipouliza jina la mistari ya ndani, wawindaji wengi hawakuwa nalo, na mzee wa Likasi alisema tu "mistari". Palipokosekana kitu, neno nalo lilikosekana.

Kalibri yenyewe ni neno la kuangaliwa. Wanaetimolojia wengi hulirudisha kwenye neno la Kiarabu qālib, kifaa cha kusubia vitu. Neno hilohilo la Kiarabu lilipita pwani ya mashariki likawa kalibu, neno ambalo kamusi zetu bado zinalo kwa maana ya chombo cha kusubia. Kwa hiyo Kiswahili cha Kongo kililipokea neno moja mara mbili, mara ya kwanza kupitia misafara ya kutoka Zanzibar, mara ya pili kupitia Liège na Brussels, na hakuna aliyegundua kwamba ni ndugu. Ile 12 nayo ina asili ya kusubia: ratili moja ya Kiingereza ya madini ya risasi, ikigawanywa kuwa mipira 12 iliyo sawa, hutoa mpira wa milimita 18,5, na huo ndio upana wa mtutu. Ndiyo maana kalibri 20 ni nyembamba kuliko kalibri 12, jambo linalowachanganya watu wengi, maana namba imepanda na tundu limeshuka. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Katika kalibri 12 moto ni mpole. Kanuni za Ulaya huruhusu kartushi ya kawaida ya kalibri hiyo kufikia bari 740, ilhali bunduki yenye mistari ya .30-06 hufikia 4 050. Mlaji wa hapa ni wa pili, kutu, na kutu hupenda chumvi. Wawindaji wengi hujaza tena maganda yaliyokwisha kupigwa, wakitumia baruti nyeusi ya kienyeji. Majivu ya baruti hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na msimu wetu wa mvua hauna upungufu wa unyevu. Risasi za zamani za jeshi zina hila yake pia. Fataki zake zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo dada wa ile ya mezani. Mtu hupitisha kitambaa chenye mafuta, huona mtutu unang'aa, hulala kwa amani. Mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, na chini ya kifuniko kutu huendelea na karamu yake. Dawa ni maji ya moto kwanza, kisha kukausha vizuri, kisha mafuta. Mzee hukataza mawese, maana huganda na kuchacha. Mteja mmoja alishangaa kuambiwa atie maji ndani ya bunduki. "Chumvi ya mu mboga unaitosha na nini?" mzee alimuuliza. "Na mafuta?"

Mlaji wa tatu ni chuma, yaani mkono wa mwenye bunduki. Ni yule anayesafisha kwa waya mgumu akiusugua kwenye midomo ya mtutu, au anayesukuma kitambaa chenye mchanga. Katika bunduki yenye mistari, midomo ndiyo huiaga risasi. Ikilika upande mmoja tu, gesi hutoka upande huo mapema na kuisukuma risasi pembeni. Kwa hiyo husafishwa kutoka nyuma, palipo chumba, inapowezekana. Kuna pia kitu kinachofanana na kulika lakini ni kinyume chake. Risasi nyingi za bunduki za mistari huvikwa koti la shaba, na shaba hiyo hubaki ndani ya mistari, tabaka juu ya tabaka, hadi shabaha iharibike. Hapo, kwa maneno ya mzee, kanoni haikulika, imeshiba. Mtu anayesema "umelika" katika hali hiyo ataenda kununua mtutu mpya, wakati angehitaji dawa ya kuyeyusha shaba na uvumilivu wa jioni moja. Kwetu Katanga, ambako jimbo zima liliwahi kuitwa Shaba, mtu angetarajia tulifahamu hilo kwanza.

Mpaka hapa swali la "nani alikula" ni la uchumi: hulinda shabaha na fedha. Nilielewa uzito wake mwingine niliporekodi mazungumzo katika kijiji kimoja ng'ambo ya Lufira, ambako mwindaji mmoja alikuwa amepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Niliwauliza watu kadhaa, kila mmoja peke yake, nini kilitokea. Mke wake alisema: bunduki ilipasuka. Aliyemuuzia kartushi alisema: bunduki ilipasuka. Muuguzi aliyemfunga jeraha alisema: alipasukiwa na bunduki. Yeye mwenyewe, akiutazama mkono wake, alisema: ilipasuka tu. Nilirudi Lubumbashi na mashahidi wote wakiwa katika kauli moja ya kitenzi.

Bunduki yenyewe, au kilichobaki, ilikuwa imepelekwa Likasi kwa mzee ili aone kama ubao wa kitako unafaa kutumiwa tena. Aliniwekea mtutu juu ya meza. Haukuwa na kutu ya kutisha. Ulikuwa umefunguka mbele ya chumba, kiasi cha upana wa kiganja, na pale ulipoanza kufunguka chuma kilikuwa kimevimba kama pete. "Iko na mbili ndani," alisema mzee, akanionyesha kipande cha shaba nyeupe kilichobanwa pale: kitako cha kartushi nyembamba, kalibri 20.

Akanipangia matukio kwa mpangilio ambao mwindaji mwenyewe, nilipomrudia, aliukubali bila kubisha. Kartushi ziliuzwa moja moja, kutoka mfuko mmoja, kwa jina moja: kartushi. Ndani ya mfuko zilikuwamo za 12 na chache za 20. Watengenezaji wengi hutumia desturi ya kuzipaka zile za 20 rangi ya manjano ili zisichanganywe, lakini magiza yanapoingia porini rangi zote ni moja. Kartushi ya 20 ikitiwa katika bunduki ya 12 haikai chumbani. Huteleza mbele hadi kooni, hukwama hapo, na mtu anayechungulia upesi huona chumba kitupu. Mwindaji alivuta kifyatulio, hakikulia. Akafungua, akaona patupu, akadhani aliisahau kuijaza. Akatia ya 12, akavuta tena. Risasi ya nyuma ilikutana na njia iliyozibwa, na kilichofuata ni kile ambacho watu wote wanne walikieleza kwa kitenzi kimoja.

Kwa hiyo bunduki ilipasuka, ndiyo, lakini ilipasuliwa. Aliyeipasua hayuko peke yake. Yumo mkono uliozichanganya kartushi mfukoni, imo namba isiyosomwa, yumo pia mchana uliokwisha mapema. Sikwenda kijijini kumtafuta mkosaji, na sitaki makala haya yageuke hukumu. Ninachosema ni cha lugha: kwa kuwa tukio lilisimuliwa kwa kauli ya kutendeka peke yake, mfuko ule uliendelea kuuzwa. Kauli ile ilimaliza mazungumzo mahali ambapo ilipaswa kuyaanzisha.

Profesa mmoja alinipinga nilipotoa hoja hii katika semina, na alikuwa na haki. Aliuliza kama sijawageuza wasemaji kuwa watu wasiojua lugha yao. Mtu anayesema "ilipasuka" huenda anajua sana anachokisema. Sheria-amri nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali kwa silaha, na sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali kwa uwindaji. Mtu asiye na karatasi zote mbili, mkono wake ukiwa unavuja damu mbele ya muuguzi, atachagua kitenzi kisicho na mtendaji. Akisema "nilitia kartushi" amekwisha kujitaja. Kutendeka ni kichaka, na mtu hujificha kichakani kwa sababu nje kuna kitu. Nimeikubali hoja hiyo na nimeiingiza katika memwari. Lakini inaongeza uzito wa jambo: kichaka kinachomficha mwindaji asionwe na sheria ndicho kinachoificha kartushi ya 20 asiione mwindaji mwenzake.

Kuna hatari nyingine iliyo ya polepole, na hii hula hata wenye vibali. Bunduki nyingi za zamani tulizorithi zilitoka Ubelgiji na zina alama za nyumba ya majaribio ya Liège, ambayo imekuwa ikipima mitutu tangu mwaka 1672. Nyingi kati yake zina chumba cha milimita 65. Kartushi nyingi za leo ni za milimita 70. Mtego ni kwamba namba hiyo hupima ganda lililokwisha kufunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wa ganda umekunjwa, kwa hiyo kartushi ya 70 huingia vizuri katika chumba cha 65, mlango hufungwa, na kila kitu huonekana sawa. Ikipigwa, mdomo hufunguka ndani ya koo ambako hapana nafasi, njia hubanwa, na shinikizo hupanda. Bunduki haitapasuka siku hiyo. Itateteleka, bawaba zitalegea, na katika mtutu uliokwisha kuliwa na kutu siku moja mlaji mwingine atamalizia. Wote wawili, bunduki na kartushi, ni "kalibri 12". Neno ni sahihi, na halitoshi.

Nilipotafuta neno linalotosha, nilikwenda kwanza kwenye kamusi, kama tulivyofundishwa. Kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zina hazina ya bunduki ambayo mjini petu haisikiki tena: kasiba kwa mtutu, mdeki kwa fimbo ya kushindilia, marisaa kwa chembe ndogo. Kartushi huitwa humo kiasi, na bunduki inayojazwa kwa nyuma ni bunduki ya viasi. Nililipenda neno hili mara moja. Zamani mwindaji alijipimia baruti mwenyewe, na kipimo cha mlio mmoja kilikuwa kiasi chake. Kartushi ilipokuja ikiwa imepimwa tayari, ilirithi jina. Ndani ya neno hilo kuna onyo zima: kila bunduki ina kiasi chake, na asiyekuwa na kiasi ataumia.

Nilimpelekea mzee neno langu kwa furaha. Alilisikiliza, akalijaribu kinywani, akatikisa kichwa. Kwake kiasi ni kadiri ya kitu, kama vile chumvi kiasi au maji kiasi. Hawezi kumwambia mteja anunue "viasi" na akaeleweka. Hata "risasi" kwao ina wingi wa "masasi", kwa kuwa ri- ya Kiarabu imechukuliwa kama kiambishi cha ngeli na kuondolewa, jambo linalosikika katika Kilingala pia. Wasemaji walikwisha kupanga upya nyumba yao, na mimi nilikuwa nawaletea samani za babu. Kisha akasema, kama mtu anayesema jambo la kawaida: "Siye tunasema kipimo. Kila bunduki na kipimo yake."

Niliandika sentensi hiyo mara mbili. Neno la kale lilipotea njiani kati ya pwani na Katanga, lakini wazo lililokuwa ndani yake halikupotea. Watu walilihitaji, wakalijenga tena kwa mzizi mwingine, kutoka kupima, bila kumsubiri mwanaisimu. Kipimo kwa mzee ni jumla ya mambo matatu: upana wa tundu, urefu wa chumba, na aina ya baruti. Hakuna neno la Kifaransa ninalolijua linaloyabeba matatu hayo kwa pamoja, na hakuna kamusi yetu inayoliandika hivyo.

Katika orodha ya maneno ya memwari yangu, kila kitenzi cha uchakavu, kulika, kuchakaa, kulegea, kupasuka, kushiba, sasa kina safu ya ziada yenye kichwa "mlaji". Msimamizi wangu aliuliza kama safu hiyo ni ya leksikografia au ya ufundi. Nilijibu kwamba msemaji anayekitumia kitenzi hicho anahitaji zote mbili, naye akaniachia.

Mzee naye alifanya orodha yake, kwa namna yake. Alichukua kipande cha ubao, akakitoboa tundu la milimita 19, akakipeleka kwa dereva wa lori aendaye ng'ambo ya Lufira. Kartushi ya 20 huingia katika tundu hilo. Ya 12 hukataa kuingia. Hata gizani, vidole vinatosha kuisoma. Juu ya ubao, kwa msumari uliopashwa moto, ameandika neno moja: KIPIMO.